Fisi Niliowaanika Uani

Asanteni kwa kunipisha mbele. Naona mwenyekiti wetu ameshaiweka simu yake mezani aangalie saa, kwa hiyo ananifahamu vizuri. Nimeombwa niwatolee ushuhuda wanakikundi wetu wa hisa jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyosimama tena. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitamtaja mtu yeyote kwa jina. Wale mtakaoanza kujikunakuna na kutafuta kitu kwenye mikoba yenu nikiwa naongea, mtakuwa mmejitaja wenyewe, na hapo msinilaumu.

Mimi mnanijua, lakini kuna wageni wawili hapo nyuma, acha nijitambulishe. Ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa hapa hapa Ganako, nimesoma hapa Karatu mpaka kidato cha nne, na matokeo yalipotoka yalinishauri nirudi nyumbani, nikayatii. Wenzangu wameolewa Babati, wengine Moshi, mmoja yuko Dodoma anafanya kazi ya kukalia kiti kinachozunguka. Mimi nimebaki na mama katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Nikipelekwa Arusha kichwa kinaanza kuniuma Makuyuni. Watu wanapanda ndege kutoka huko kwao kuja kuiona kreta, na mimi niliyezaliwa mlangoni nimeiona mara moja tu, kwa safari ya shule, na muda mwingi nilikuwa nimesinzia kwenye basi. Cheko lenu nalisikia. Chekeni. Ila mjue nyumba ile kwangu si mahali pa kulala tu. Ndiyo kila kitu nilicho nacho, na ndiyo mliyotaka kunitoa. Nasema mliyotaka. Sijasema nani.

Mwanzo wake ni mpira. Timu moja kubwa ya Dar ilikuwa inafanya ziara huku kaskazini, inacheza mechi za kirafiki mji kwa mji, na Karatu tukapangiwa Jumamosi. Kampuni ya mafuta iliyodhamini ziara ikaleta promosheni. Ukijaza mafuta kwenye sheli zao unapewa pakiti ndogo ya karatasi, imegundishwa, huoni kilichomo. Ndani kuna mdoli wa plastiki, urefu wa kidole. Midoli yenyewe ni wanyama wa kreta waliovalishwa jezi ya timu. Tembo ni beki, twiga yuko hewani anapiga kichwa, pundamilia winga, nyati na kifaru wako katikati wamekunja sura. Anayekamilisha kikosi kizima, mtoto wake anaingia uwanjani siku ya mechi ameshikana mkono na mchezaji, na yeye anakaa jukwaani kwenye kivuli. Hebu fikirieni, mtoto wa Ganako ashikwe mkono na mtu anayeonekana kwenye televisheni. Watu walichanganyikiwa.

Binamu yangu wa Arusha ndiye aliyepata tenda ya kugawa midoli, akatafuta mtu wa kusimamia sheli za Karatu. Akanipigia simu.

"Dada, una chumba chenye kufuli?"

"Ninacho."

"Na huwa hutoki toki."

"Sitoki."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta."

Nikajiona nimeajiriwa kwa kipaji. Maboksi yakaletwa, yakajaa sebuleni mpaka mama akawa anapita ubavu ubavu. Nikapewa fulana iliyonifika magotini na kofia ya kampuni. Kila asubuhi nabeba maboksi, nusu sheli ya mjini, nusu ile ya njia ya kwenda geti la hifadhi, ambako magari ya watalii yanajaza matangi kabla ya kupanda mlima. Madereva wa watalii walikuwa wanapata pakiti mpaka wanakosa pa kuziweka. Bodaboda wanaweka lita moja, halafu wanasimama mbele yangu kama waliojaza lori. Wakanipa jina, Mama Midoli. Siku za mwanzo nilifurahi, nawaambia ukweli. Nikirudi jioni mama ananiuliza, "Leo umemwona nani?" na kwa mara ya kwanza maishani nina jibu.

Sasa, huko Dar kuna mtu alikaa ofisini akafikiri, timu inahitaji golikipa, golikipa awe nani? Akasema, fisi. Wakamvalisha glavu kubwa, wakamchora anacheka, meno yote nje. Mimi nadhani mtu huyo alizaliwa ghorofani na hajawahi kutoka nje kujisaidia kwenye choo cha shimo.

Wa kwanza kumpata alikuwa kijana wa bodaboda. Akachana pakiti kwa meno, akatazama, akaiachia ikaanguka kama imemuunguza.

"Mama Midoli, hiki nini?"

"Golikipa."

"Hiki ni fisi."

"Ni fisi golikipa."

"Mimi nina mtoto mchanga ndani, nikamwingizie fisi? Nibadilishie."

"Kanuni hazituruhusu kubadilisha."

"Kanuni za Dar? Waambie waje wao walale naye."

Akawasha pikipiki akaenda zake, fisi kabaki chini ya pampu amenyoosha glavu.

Ndugu zangu, mimi nanyi hatuhitaji kuelezana. Hapa tunakwenda kanisani, watoto wetu wanasoma sayansi, mimi mwenyewe biolojia nilipata D yenye heshima. Lakini wote tumekua tukiambiwa kuwa fisi anayezunguka nyumba za watu ana mwenye kumpanda usiku kwa uchawi, na jua likizama akitajwa watu wanageuza maongezi. Mtalii anampiga picha. Sisi sura yake hatuiingizi ndani. Kwa hiyo kila pakiti yenye fisi ilifunguliwa pale pale sheli na kutupwa pale pale sheli. Mtaroni fisi. Kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto fisi. Dereva mmoja alimweka juu ya pampu, akamtemea mate, akaondoka bila risiti. Msimamizi wa sheli akaja kwangu amevimba.

"Mama, waondoe fisi wako hapa."

Wako. Mliona neno lilipoingilia? Mimi sikuliona. Nikaenda kutafuta mfuko.

Niliwaokota wote kwa sababu mbili. Ya kwanza, binamu alisema kila mdoli una namba na mwisho wa kazi yote itahesabiwa. Ya pili ni tabia yangu, kitu kizima sikitupi, hata kopo la mafuta ya kupaka nalipandia maua. Nikawabeba nyumbani. Walikuwa na matope, grisi na mate ya watu. Nikachukua beseni, sabuni ya unga na mswaki uliochakaa, nikawasugua mmoja mmoja. Halafu, na hapa ndipo mwalimu wangu wa kidato cha nne angeinamisha kichwa, nikawaanika. Nyumba yetu jua la asubuhi linapiga juu ya banda la kuku. Nikawapanga pale juu ya bati kwa mstari, wakauke vizuri, wote wamenyanyua glavu, wote wanacheka, wote wameelekea barabarani.

Mama akatoka na fimbo yake. Akawatazama kwa muda.

"Hawa ni wa nani?"

"Wa kampuni, mama."

"Kampuni yenyewe inajua tunaishi na nani hapa?"

Nikamwambia ni plastiki. Akasema anaona kuwa ni plastiki, yeye si kipofu, ila barabarani wanapita watu, hakupiti plastiki.

Mpaka saa za kula mchana hakuna mtu Ganako ambaye hakujua. Na ili mambo yakae sawasawa, wiki hiyo hiyo fisi wa kweli, yule ambaye hajawahi kujaza mafuta popote, akashuka kutoka msituni akabeba mbuzi wa jirani. Tunakaa ukingoni mwa msitu. Nyati wanatuingilia shambani, tembo wanatuvunjia migomba, na fisi anabeba mbuzi karibu kila msimu wa mvua. Miaka yote tunasema, fisi amebeba mbuzi. Safari hii fisi alikuwa na anwani.

Mwenye mbuzi alikuja akasimama getini kwetu. Ni mzee wa heshima, simtaji.

"Mwambie mama yako mbuzi wangu alikuwa na mimba."

Mama yupo pale pale anachambua maharage. Akamjibu mwenyewe. "Sasa mimi mimba ya mbuzi wako inanihusu nini, jirani?"

"Mnajua wenyewe."

Akaondoka. Wapendwa, kuna matusi mengi duniani na mengi nimetukanwa, lakini sijawahi kusikia yanayofikia hayo maneno mawili. Tusi unalijibu. Hilo la mnajua wenyewe utalijibuje?

Basi tukaanza kutengwa, na nyie mna kipaji, niwape haki yenu. Hakuna aliyenitukana. Nikifika mashine ya kusaga, debe langu linasogezwa mwisho, na kila anayekuja baadaye anapita mbele.

"Subiri kidogo, mama, hawa wana haraka."

"Wote?"

"Wote."

Bombani, nikiweka ndoo, mwenye ndoo ya pembeni anakumbuka kwamba maji nyumbani yapo. Kanisani tulipata benchi letu wenyewe, mimi na mama, tungeweza hata kulala. Na humu kikundini niliandika ujumbe kwenye simu nikiuliza kikao kiko wapi. Mkausoma wote, nikaona alama kwamba mmeusoma. Akanijibu mmoja tu, na yeye alituma picha ya ua.

Halafu yakaja ambayo hayachekeshi. Asubuhi moja tumekuta mlango umeandikwa kwa mkaa, HAMENI, herufi kubwa, mwandiko mzuri uliokwenda shule. Jioni moja mawe yakadondoka juu ya bati, mama yuko ndani anakunywa uji. Hakupiga kelele. Alisogeza kiti mbali na dirisha akaendelea kunywa, na mawe yakawa yanarudi jioni nyingine pia. Macho ya mama yangu ni mekundu, mnayajua. Ni moshi. Ni moshi wa mafiga ya misiba yenu na harusi zenu alizopika tangu nikiwa mgongoni. Mnajua hivyo, na mnajua pia wanawake wazee wenye macho mekundu wamefanywa nini katika nchi hii. Kwa hiyo mkiniona leo nataniana nanyi, nataniana kwa sababu mama yangu yuko hai, nimemwacha nyumbani anapalilia mboga. Wakati ule nilikuwa nalala na panga chini ya mto, na mimi panga najua kukatia majani ya ng'ombe tu.

Nilitaka kuwachoma wale fisi wote. Nilikusanya mpaka magunzi. Mama akanikataza.

"Ukiwachoma watasema umewaficha. Waache wawaone."

Nikampigia binamu nimwambie naacha kazi. Akasema, "Dada, vumilia mpaka mechi. Halafu nikuambie, huku Arusha fisi anapendwa kweli."

Ndipo mwenyekiti wa kitongoji akaja, mtu mpole, ana sauti ya daktari anayetaka kukuchoma sindano.

"Mama zangu, mimi siyaamini hayo."

"Huyaamini yapi?" nikamuuliza.

"Hayo wanayosema."

"Wanasema nini?"

"Mnayajua. Mimi nawafikiria usalama wenu. Mngekwenda kwanza kwa ndugu zenu Mbulu. Kwa muda."

Mama akauliza kutoka ndani, "Muda gani?"

"Mpaka watu wapoe, bibi."

"Nyumba hii nimeletwa bibi harusi, na mume wangu nimemzika hapo nyuma ya migomba. Sihami kwa ajili ya plastiki."

Mwenyekiti akasema basi, suala litakwenda kwenye mkutano wa kitongoji, wananchi waamue. Na sisi tuliijua hiyo wananchi waamue. Ukishaamuliwa na wananchi, hata polisi wanakuja kukusaidia kubeba vyombo. Mkutano ulitakiwa uwe Jumamosi. Ukasogezwa Jumapili baada ya ibada, maana Jumamosi kulikuwa na mechi. Ndivyo tulivyo. Tutamfukuza mtu, lakini mpira kwanza.

Sasa nirudi nyuma kidogo niwaambie mtu aliyeanza kunisimamisha. Kuna mama mmoja wa Kimaasai anatoka Nainokanoka, anakuja na lori siku za mnada kununua unga na sukari. Mizigo yake anaiacha kwetu tangu zamani, tunamwita yeyo, kwa heshima ya mama wa Kimaasai. Mnada mmoja katikati ya hayo alishuka stendi akasikia habari zetu kabla hajanunua hata kiberiti. Akaja mchana, jua la utosi. Hakuniuliza kitu. Akaingia ndani, akatoka amebeba benchi letu la sebuleni, akaenda kuliweka nje ya geti kabisa, pale barabara inapopita. Akakaa.

"Leta chai hapa."

"Yeyo, ingia ndani, kuna jua."

"Ndani nani ataniona?"

Nikaleta chai. Mama akaja akakaa naye. Akawa anakunywa polepole, na kila anayepita anamwita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe bondeni. "Karibu chai, mama. Karibu chai, mzee. Chai ipo." Watu walipita wamekaza shingo. Wengine mlipita mara mbili, maana mlikuwa mmesahau kitu dukani. Akaniambia nimletee huyo fisi amwone. Nikamletea. Akamgeuza, akamtazama chini ya mkia, akacheka.

"Huyu ndiye? Kwetu anapita nyuma ya boma, watoto wanamfukuza kwa fimbo. Huyu hata harufu hana. Nyie watu wa Karatu mmenenepa."

Akamtia kwenye mfuko wake, zawadi ya mjukuu. Mnada uliofuata akarudi, akatoa benchi, akakaa. Hakuhubiri. Alikunywa chai tu. Lakini niliona kitu, ile siku ya pili watu wawili walimwitikia salamu, na siku hiyo jioni hakuna jiwe lililoanguka juu ya bati.

Wiki ya mechi ikaingia. Ndipo watu wakamwaga midoli yao mezani waone vikosi vyao. Tembo yupo. Twiga wako watatu. Nyati yupo. Golikipa hakuna, maana golikipa mlimtupa wenyewe mtaroni. Na sheli pakiti zimekwisha. Na watoto wanalia.

Wa kwanza alipitia kwenye mbaazi zetu, jua linazama, amejifunika khanga mpaka puani.

"Hodi huku nyuma."

"Karibu. Mlango uko mbele."

"Hapa panatosha, dada. Nasikia unao wale."

"Wale nani?"

"Wale wenye glavu."

"Nyati?"

"Jamani, dada, usinifanyie hivyo. Mtoto hali chakula."

"Mtaje nikupe."

Akatazama nyuma yake kwenye mbaazi. Kisha akasema, fisi, kwa sauti ya mtu anayeungama mbele ya padri. Nikampa. Akamfunga kwenye ncha ya khanga mafundo mawili, asije akamtoroka.

"Usimwambie mtu," akaniambia.

"Nani ananisemesha?"

Akafuata mwingine, na mwingine. Mbaazi zangu zilikanyagwa zikawa njia. Walikuja wa mashine, walikuja wa bombani, alikuja mmoja ambaye mwandiko wake ni mzuri, akanisifia jinsi nilivyowasafisha. Nilitaka kuwanyima, siwafichi. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno. Mama akasema, "Wape wote. Usimnyime hata mmoja." Nikadhani ni upendo wa Kikristo. Mimi naishi na mama yangu maisha yangu yote, na bado kuna siku simjui.

Jumamosi sikuweza kumwacha peke yake nyumbani. Nilimkodia bodaboda, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu, kwenye meza ya promosheni nje ya geti dogo la uwanja. Kazi yangu ilikuwa kukagua. Mzazi anapanga kikosi mezani, nahakikisha kimekamilika, namfunga mtoto utepe mkononi, anaingia. Golikipa anabaki kwetu, ili kikosi kimoja kisipitishwe mara mbili. Foleni ilifika barabarani, vumbi jekundu limetupaka wote, na waliopanga foleni nawafahamu karibu wote.

Wanakuja. Tembo anatolewa kwa fahari, anagongwa mezani, tap. Twiga, tap. Nyati, tap. Halafu mkono unapunguza mwendo, unaingia kifuani, unapapasa.

Mama hasikii vizuri siku hizi, kwa hiyo anaongea kwa sauti. "Na fisi?"

"Yupo, bibi."

"Yuko wapi? Macho yangu haya mekundu hayaoni vizuri. Mweke hapa mezani nimwone."

Hapo nikaelewa kwa nini alisema nisimnyime hata mmoja.

Nikawa nawapanga ukingoni mwa meza kwa mstari, vile vile kama kwenye banda la kuku. Nilifunga tepe. Mstari ukaongezeka, ukapinda kona, ukaanza wa pili. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamepanda juu ya ukuta wakaanza kutangaza kama redioni. "Huyo naye anaye. Mama wa kwaya anaye. Fundi naye anaye, kumbe fundi." Foleni nzima watu wakawa wanatazama visigino vya walio mbele.

Akafika yule mzee jirani, mwenye mbuzi. Ameshika mkono mjukuu wake, mtoto amevalishwa soksi mpya. Akapanga kikosi chake chote taratibu, na wa mwisho akamweka mezani na kumfunika kwa kiganja.

"Ondoa mkono, jirani," mama akasema. "Mwanangu anakagua."

Akaondoa. Alikuwa mmoja wa wale niliowasugua mimi, glavu moja imebanduka rangi kwa mswaki wangu. Kutoka nyumbani kwake hakuna aliyekuja kwangu, sijui alimpatia wapi.

"Amelala kwako huyu?" mama akamuuliza.

Mzee akamrekebisha mjukuu kola. "Amelala."

"Na mbuzi waliobaki, wazima?"

Kule ukutani wale vijana wakainama wasikie.

"Wazima," akasema.

"Tumshukuru Mungu."

Basi. Hakuongeza. Na mimi nilikuwa na uwezo wa kumrudisha, maana kanuni zilisema mdoli uliobanduka rangi haupokelewi. Nilimtazama mzee, nikakumbuka mama anavyosogeza kiti mbali na dirisha. Halafu nikamtazama mtoto, ameshanyoosha mkono wake afungwe utepe. Nikamfunga. Msinipigie makofi. Nusu ilikuwa huruma kwa mtoto. Nusu nyingine nilitaka babu yake akakae kule jukwaani, kwenye kivuli, mbele ya watu wote, na kila mtu ajue amepitia kwa nani.

Mechi yenyewe sikuiona. Nasikia tulifungwa.

Jumapili tukaenda mkutanoni, mimi na mama, tukakaa mbele. Mwenyekiti wa kitongoji akafungua, akasema kuna suala la usalama lililoletwa na wananchi, wenye hoja wasimame. Hakusimama mtu. Akauliza tena kuna mwenye neno. Mtu akakohoa. Yule mzee alikuwa anasafisha kofia yake kwa kidole, kofia safi kabisa. Mama akanyoosha mkono.

"Mimi nina neno."

Nikamvuta khanga.

"Bomba la huku juu linavuja. Wiki ya ngapi sasa?"

Wakajadili bomba mpaka saa za chakula. Kila mtu alikuwa na hoja kuhusu bomba, sijawahi kuona watu wanapenda bomba hivyo. Mkutano ukafungwa kwa sala, na ndiyo ikawa mwisho wa kesi yetu. Hakuna aliyesema samahani, siku hiyo wala baadaye. Mlianza tu kuweka ndoo zenu karibu na yangu.

Namshukuru Mungu, ambaye kipindi kile nilimwambia maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya wageni. Namshukuru mama, ambaye alikataa kuja leo, amesema nyie anawaona vya kutosha. Namshukuru kipekee yule yeyo wa Nainokanoka. Si mwanachama wetu, hana hisa hapa, kabila si letu, na kanisa si letu. Alichofanya ni kunywa chai mahali anapoonekana. Nyie mlioniombea mkiwa mmejifungia majumbani kwenu, na mpo, mmeniambia, nawashukuru pia, ila sikuwasikia. Hilo ndilo fundisho ninalowaachia. Mkisikia mtu ametengwa, kabla hamjajua ana kosa au hana, nendeni kwake mchana mkakae nje, mnywe chai yake watu wakipita. Hata kama chai yenyewe haina sukari.

Mwenyekiti wetu wa kikundi aliniomba nimalizie kwa kutamka kwamba nimewasamehe. Mwenyekiti, nimejaribu kulisema mbele ya kioo halikutoka vizuri. Likiiva nitawaletea.

Kwa sasa nina jambo la utaratibu. Vikao vyetu vinazunguka nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilipofika mliiruka, mkaandika kwamba ni kwa ajili ya mvua, na siku hiyo nilianika mahindi yakakauka. Kwa hiyo kikao kijacho ni kwangu. Mama atapika makande, mimi nitachemsha chai ya maziwa, na kila mtu atapakuliwa. Atakayekuja ale. Atakayekuja akabaki ameshika sahani anaikorogakoroga, mimi nitamwona, na mama, pamoja na macho yake hayo, atakuwa ameshamwona kabla yangu.